Mlio wa Saa Sita

Mtaani kwao kila nyumba ilijilipulia umeme wake. Saa sita mchana unatia waya wa shaba, mwembamba kama unywele, ndani ya chupa ya maji, unabonyeza swichi, na nguvu ya jua iliyokusanywa tangu asubuhi inapita humo yote kwa mkupuo. Waya unageuka mvuke, paa! Maji yanaruka, na gurudumu chini ya jiko linazunguka na kulipa moto hadi kesho yake. Majirani husikiliza. Nyumba isiyolia ina maiti.

Siku hiyo Nyamvula, mjane anayeishi peke yake, alitaka kupika makande. Akaona waya mmoja hautoshi, akasokota miwili pamoja. Waya mnene ulipata moto tu, haukupasuka. Maji yakatoa mapovu mawili matatu, na nguvu yote ikapotelea humo kimyakimya.

Bado anaikodolea macho ile chupa, mlango ukasukumwa. Wanawake waliingia na mikeka na masufuria ya msibani. Mbele yao, kanga imemteleza mabegani, alikuwa Mwanakheri, jirani ambaye hawajasalimiana naye tangu mwaka juzi kwa ugomvi wa kuku.

"Nyamvula mwenzangu, umeniacha!" alilia, kisha akamwona amesimama. "Wewe! U mzima?"

"Mzima, ila sina moto."

"Umenitoa roho, mwanamke wewe!" Mwanakheri alikaa chini, akacheka huku anafuta machozi. "Haya, lete hayo makande tukapikie kwangu."

Kesho yake Nyamvula alitia waya mmoja. Nyumba nyingine zote zilikwisha kulia, na sasa mtaa mzima ulikuwa kimya. Kidole kilikuwa juu ya swichi. Alikawia kubonyeza, kidogo tu, asikie anavyosubiriwa.