Filamu ya Mgomo wa Mkonge

Siku hizi televisheni hujizima moyo wa mtazamaji ukienda mbio. Ndiyo maana filamu iliyopigwa siku ya mgomo wa wafanyakazi wa mkonge, iliyofungiwa miaka mingi, imeruhusiwa: haiwezi tena kumpandisha mtu hasira.

Babu alipotokea tu, amebeba bango, kioo kikawa cheusi.

"Mama, nenda jikoni," alisema dada Sikudhani. "Moyo wako unatukatia picha."

"Huyo ni baba yangu."

"Tutakusimulia."

Mama akatoka. Picha ikarudi. Babu akapigwa risasi, akaanguka juu ya marobota ya katani, na picha haikukatika. Mioyo yetu ilikuwa imetulia tuli. Dada alikuwa akitafuna karanga.

Nikamfuata mama, nikamrudisha, nikamketisha mbele kabisa.

"Itazimika, hatutaona mwisho," dada akanung'unika.

"Babu ameuawa na sikushtuka," nilimjibu. "Acha izimike."