Sampuli Safi

Raïssa alivaa glovu, akavaa nyingine juu yake, akavuta barakoa hadi chini ya macho. Ndipo akamfungulia Mzee Bigirimana mlango.

Harufu ilimtangulia mzee. Ilikuwa harufu ya usaha na marhamu, na ya bandeji iliyokaukia kidondani. Kila Jumanne asubuhi alipanda basi kutoka Kabuga, na kila Jumanne Raïssa alijiambia kwamba leo ataizoea. Hakuizoea.

"Uko salama, binti?"

"Salama. Kaa hapo. Usiegemee ukuta."

Ngozi ya mzee haikushika mwilini. Ikisuguliwa kidogo tu, hata na kola ya shati, ilitoka malengelenge, ikapasuka, ikachunika kama ganda la nyanya iliyochemshwa. Alizaliwa hivyo, kwa kasoro ya jeni moja. Maabara hii ndogo ya mtaa wa Muhima ilikuwa ikijaribu kupeleka jeni nzima ndani ya seli zake kwa kutumia molekuli zinazong'aa. Molekuli hizo zilibeba jeni, zikapenya nayo ndani ya seli. Zikimulikwa kwa taa ya zambarau ziliwaka kijani, na hapo mtu aliyechungulia kwenye hadubini aliona zimefika wapi.

Kazi ya Raïssa ilikuwa kumkata mzee kipande cha ngozi, kidogo kama punje ya mchele, na kuzikuza seli zake kwenye kisahani. Mkuu wake, Dokta Mukabalisa, alipotaka ngozi ya mtu mwenye afya ya kulinganishia, Raïssa alijitolea yake. Visahani viwili vikawekwa ndani ya kabati moja la joto. Hata hilo lilimtia kinyaa. Alikisogeza chake hadi kona ya mbali.

Mzee alielezwa tangu mwanzo kwamba utafiti huu hautamponya yeye, labda watu wa baadaye. Alikuja tu. Tena hakukubali kukatwa na mtu mwingine. Siku Raïssa alipokuwa mgonjwa wa mafua, mzee aligeuka palepale mlangoni akarudi Kabuga.

"Huchoki kukatwa?" Raïssa alimuuliza.

"Una mkono mwepesi." Mzee aliitazama mikono ya Raïssa. "Na wewe, hujawahi kutoka malengelenge? Hata utotoni?"

"Mimi?" Raïssa alijibu kama aliyetukanwa. "Hapana!"

Mzee aliitikia kwa kichwa, akaonekana ameridhika. Alipoondoka aliacha mezani maparachichi mawili yaliyofungwa kwa gazeti. Vidole vyake vilikuwa vimeacha alama za majimaji kwenye karatasi. Raïssa aliyashika kwa koleo akayatupa kwenye pipa la taka za maabara, kisha akapangusa kiti kwa spiriti, mara tatu. Alipoinua kichwa, mzee alikuwa bado uani, nje ya dirisha, anamtazama.

Mzee alimpungia mkono.

Wiki ya tisa, seli za mzee ziling'aa. Zilijaa kijani kisahani kizima, na Dokta Mukabalisa akapiga makofi peke yake kama mtoto. Kwa dakika chache Raïssa alisahau zilikotoka. Kisha wakapeleka sampuli zote mbili kusomwa jeni.

Majibu yalipokuja, Dokta alifunga mlango.

"Raïssa, umechanganya sampuli. Kasoro ya mzee imo kwenye ya kwako."

Akilini Raïssa aliziona seli za mzee zimevuka kabati na kuingia kwenye ngozi yake.

"Ni yeye! Anagusa kila kitu humu. Ananidondokea mezani. Nilikuambia tutafute mgonjwa mwingine, Dokta."

"Kama ni uchafu, kazi ya miezi mitatu imepotea. Na wewe ndiye uliyekuwa na dhamana ya kabati."

Raïssa alimpigia mzee simu hapohapo, akamwambia asije tena, amewaharibia kazi.

"Pole, binti," mzee alisema. "Lakini wewe uko mzima?"

Alikata simu bila kujibu.

Ili kujitetea, alikwenda kutoa mate yake yapimwe jeni kwenye maabara nyingine, mahali ambapo mzee hajawahi kukanyaga. Baada ya siku tatu Dokta Mukabalisa alimwita tena. Safari hii sauti yake ilikuwa ya upole.

"Si uchafu. Ni jeni yako. Kila mtu ana nakala mbili. Mzee zote mbili ni mbovu, ndiyo maana anaumwa. Wewe moja ni mbovu, nyingine nzima inakulinda. Umezaliwa nayo, umeirithi kwa mzazi mmoja." Alisita. "Na kasoro hii, mbali na wewe na mzee, sijaiona kwa mtu mwingine yeyote."

Raïssa alitoka nje kumpigia mama yake, Béatha, aliyekuwa akiuza vitenge karibu na stendi ya Nyabugogo. Béatha alimlea peke yake. Baba, kama Raïssa alivyoambiwa siku zote, alifariki Bujumbura kabla yeye hajaanza kutembea, na jina lake halikutajwa nyumbani.

"Mama, baba aliumwa nini?"

"Mbona unauliza leo? Nina wateja."

"Kuna mzee anakuja hapa kazini. Mrundi. Anaitwa Bigirimana."

Kwenye simu zilisikika honi za mabasi na wapagazi wakiomba njia. Raïssa aliikandamiza simu sikioni.

"Hapana," mama yake alisema mwishowe. "Hapana, Raïssa. Mimi na yeye tulikubaliana kwamba amekufa."