Ngiri Anamsaka Mkuu wa Usafiri

Katika mji mmoja wa wanyama, mji mkubwa hata kunguru akiuvuka anazeekea njiani, abiria walibebwa na tembo. Mkuu wa usafiri alikuwa Ngiri, ambaye akianza tu kukimbia, kumbukumbu zinamdondoka.

Asubuhi moja tembo hawakuonekana. Foleni ya kituoni ikarefuka mpaka ikaingia mji wa pili. Swala alikuwa amembeba mwanawe, ana homa ya kuivisha maharage.

"Mkuu, mtoto ananifia! Tembo wako wapi?"

Ngiri akapandwa na hasira. "Leo mzembe aliyefanya haya atanitambua!"

Akatimua mbio, mkia juu kama antena. Kufika yadi, kichwani amebaki na hasira na yule mtoto tu. Tembo wote wamesimama, wanapunga masikio.

"Mbona hamtoki?"

"Tunangoja mkuu aseme."

"Mkuu gani huyo?"

Tembo wakatazamana. "Si... yupo tu, mkuu."

"Basi nimemfukuza kazi! Tokeni, kuna mtoto mgonjwa!"

Tembo wakatoka, milima ikahama kuwapisha, na mtoto akawahi hospitali.

Kesho yake Ngiri akaja kazini kifua mbele. Kicheche, mlinzi, akamzuia getini.

"Shikamoo, mzee. Huingii. Ulifukuzwa jana."

"Na nani?"

"Na wewe, mzee. Mji mzima umeshangilia."

Ngiri akakuna kichwa, akakikuna tena.

"Huyo aliyenifukuza ndiye mkuu tunayemtaka," akasema, akatimua mbio kwenda kumpongeza.