Ushuhuda wa Kisogoni

"Daktari, macho iko huku mbele," Jonah alilalamika, maana nyaya zote zilikuwa zimebandikwa kisogoni.

"Tulia tu, mzee. Macho hupokea, lakini habari husomwa huko nyuma. Hii mashine inasikiliza kama zinafika."

Kwenye kioo mbele yake, miraba myeusi na myeupe ilibadilishana nafasi bila kuchoka. Jonah aliikodolea macho. Aliogopa, tena sana. Tangu mavuno ukungu ulikuwa umemwingia machoni, na wiki iliyopita alimvulia kofia fahali wa jirani yao Mutie, akamuuliza habari za nyumbani.

Mkewe, Kasyoka, alikaa kando na kiondo magotini, ametulia tuli. Hofu ya nini? Jonah huyu si ndiye aliyewahi kuponywa upofu kwa maombi? Kutoka Matinyani hadi Mwingi hakuna kanisa ambalo hakulitolea ushuhuda, na hakuna lililomwacha aondoke bila kuku.

"Mara ya kwanza alipofuka lini?" daktari aliuliza, maana habari hiyo Kasyoka alikuwa amekwisha kumpa tangu mlangoni.

"Themanini na moja," Kasyoka alidakia. "Siku ile kikundi chetu cha mwethya, kile cha kusaidiana kazi, kilianza kuchimba mitaro ya mashamba. Miezi tatu sisi tunachimba, yeye amekaa kivulini, haoni hata kijiko. Mitaro kuisha tu, mhubiri akakuja mkutano, akamgusa uso, akaona! Mungu ni mkubwa, daktari."

Daktari alimtazama Jonah. Jonah alitazama miraba.

Karatasi ilipotoka, daktari hakupamba maneno. Habari zilikuwa zinafika kisogoni zimechelewa, tena hafifu. Mishipa ya kuonea ilikuwa inakufa, ya macho yote mawili. Dawa hakuna. Mwaka ujao, pengine kabla ya mvua, lingekuwa giza.

Jonah alilia palepale kitini, mtu mzima na wajukuu wake, nyaya zikimning'inia kichwani.

"Baba Nthenya, nyamaza," Kasyoka alimbembeleza, akimpangusa gundi ya nyaya kisogoni kwa ncha ya leso. "Jumapili kanisa lote litaomba. Yule alikufungua macho siku ile, si bado yuko?"

Jonah akazidi kulia. Siku ile alikuwa ameuona mkono wa mhubiri tangu ukiwa mbali, hata kifungo kilichokatika kwenye mkono wa shati.