Usukani Mpya, Waya Fupi

"Usisimame, fundi. Endelea na kazi."

Sauti ilitoka mlangoni. Msafiri aliganda pale alipochuchumaa, ameshika fungu la waya.

Hakuwa fundi. Alikuwa mwizi wa pikipiki, na dakika mbili tu zilikuwa zimepita tangu asukume mlango wa bati wa gereji ya fundi Ernest, pale Nzuguni. Ernest alikuwa makaburini. Mtaa mzima ulikuwa makaburini. Gari la matangazo lilikuwa likipita tangu asubuhi likitaja jina la marehemu na saa ya kuzika, na mtaa ule mtu alikuwa radhi kuacha duka wazi kuliko kuulizwa kesho, "Mbona hatukukuona?"

Pikipiki ilikuwa nzuri na ufunguo umo. Ubaya wake ni kwamba ilikuwa imefungwa usukani mpya, mrefu kama pembe za ng'ombe, na waya za zamani hazikuufikia. Swichi zilining'inia kama matumbo ya mbuzi.

Mlangoni alisimama mzee mwenye suti ya kaunda na kofia ya pama. Mlango ulikuwa huo huo mmoja, na mzee aliujaza wote.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Pikipiki yangu bado tu?"

Msafiri alipiga hesabu ya haraka. Akimpiga kikumbo mzee, mzee atapiga yowe. Yowe litafika makaburini. Na watu wanaotoka kuzika wanakuwa na majembe mkononi.

"Imebaki kidogo, mzee," akasema. "Usukani mrefu, waya fupi."

"Basi ziunge. Nina safari ya Mtera."

"Ngoja nikanunue tepu hapo dukani."

"Hutoki!" Mzee aliweka mguu kwenye kizingiti. "Mafundi nawajua nyie. Mkisema nakuja, ni wiki mbili. Funga na mpira wa tyubu."

Maisha yake yote Msafiri alikuwa amekata waya, hajawahi kuunga hata mmoja. Akachukua kipande cha waya kilichoning'inia ukutani, akakimenya kwa meno, akaunga nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, na ile ya kijani akaipa yoyote iliyokuwa haina mwenzake. Bati la paa lilikuwa linachemka. Jasho lilimtoka mpaka kwenye kucha.

Akabonyeza honi. Ikawaka indiketa.

Akabonyeza indiketa. Honi ikalia kama punda aliyekanyagwa, na mzee akaruka kama aliyekalia siafu.

"Zima! Unataka kuita mtaa mzima?"

"Samahani, mzee wangu. Ndiyo majaribio yenyewe."

Mzee alichungulia barabarani, akarudi, akachungulia tena. "Hii inawashwa kwa kiki au kwa kitufe?"

Msafiri akawaza: Mtego huo. "Vyote viwili, mzee."

"Nilijua. Nilikuwa nakupima tu." Mzee alijifuta uso kwa leso. "Siku hizi wezi wamezidi, mwanangu. Mtu hata kwenda kuzika huwezi."

"Kweli kabisa, mzee. Hawana haya."

Kwa mbali kwaya ya maziko ilikuwa ikiimba. Msafiri aliwasha injini, ikanguruma vizuri. Alipokata usukani kushoto, ikazima. Akakata kulia, ikawa tayari kuwaka. Waya zilikuwa zimebana shingoni, zikivutika zinaachana. Ikabidi afungue kila kitu, aongeze kipande, aziachie zilegee kidogo, afunge upya. Vidole vyake viwili vilikuwa vinatoka damu.

Kwaya ikanyamaza.

Wote wawili waliinua vichwa.

"Wameshaweka mashada," mzee alisema. "Fanya haraka, mwanangu. Fanya haraka."

Msafiri alizungusha mpira wa tyubu mara ya mwisho. Akawasha. Akakata usukani kushoto, kulia, kushoto tena, injini haikukohoa. Taa, sawa. Honi, sawa. Indiketa tu ndiyo ilikataa kutii.

"Mzee, ukitaka kwenda kulia, washa ya kushoto."

"Hakuna neno, nitazoea."

Mzee hakuuliza bei. Alimshika Msafiri bega, akamwambia Mungu ambariki kwa kazi ya mikono yake, akapanda, suti ikapepea, akatokomea kwenye vumbi na indiketa ya upande usiohusika ikimetameta.

Msafiri alikaa chini kwenye ndoo. Hajawahi kutoka mikono mitupu na moyo mweupe kiasi kile. Karibu acheke. Akajifuta mikono kwenye suruali, akainuka, akaufikia mlango.

Nje kulikuwa na sauti za watu wengi. Majembe yaligongana.

Alirudi nyuma hatua moja, ya pili, mpaka mgongo ukagusa ukuta wa bati, na bati lilikuwa la moto. Hakukuwa na dirisha. Kivuli kikaziba mwanga wa mlangoni, na sauti ya fundi Ernest ikasema, kwa heshima zote:

"Karibu ndani, Mchungaji, uione pikipiki yako. Usukani mpya nimeshaufunga, zimebaki waya tu."