Dele Lililosuguliwa

Watu walikuwa wameacha kusugua vyombo vya kale, maana kutu ya shaba ilitunza sauti za waliokuwa karibu nayo, na kila nyumba ilikuwa na kisikizi cha kuzitoa. Bi Somoe alikuwa na dele la kahawa la marehemu mama yake. Kila Alhamisi alilipangusa vumbi kwa unyoya wa kuku, akalibandika kisikizi, akamsikiliza mama akimgombeza paka.

Siku moja kabla ya Idi alirudi kutoka sokoni akalikuta dele linametameta. Mumewe, Shekuwe, alikuwa kibarazani, mikono imejaa ukwaju na majivu, anachekelea.

"Idi na shaba iliyofubaa wapi na wapi, mke wangu?" Kisha akakumbuka. "Ole wangu! Nimemfuta mama!"

"Mzee, wewe ni balaa!" Bi Somoe alilia, akacheka, akalia tena. Alipoona mzee naye machozi yanamlengalenga, akamtuma akanawe mikono.

Wiki tatu baadaye kutu mpya ikaanza kushika. Bi Somoe alibandika kisikizi, akasikia sauti ya Shekuwe ikinong'ona: "Nisamehe, mama mkwe. Nimeona nisikuache kimya, nitakuja kukuamkia kila alfajiri." Kisha kikohozi, kirefu, kile alichoapa kwamba kilikwisha zamani. "Hiki usimwambie Somoe."

"Umesikia chochote?" Shekuwe aliuliza kutoka uani.

"Bado, bwana," alijibu. Akauchukua ukwaju wote uliokuwamo jikoni, akautupa.