Kigae cha Pili

Kila nyumba inayotumia umeme hutunza fungu lake la taka za nyuklia. Taka hizo huchomewa ndani ya kigae kizito cha kauri, na kigae hicho hutoa joto miaka yote. Huku kwetu Lushoto, kwa baridi hii, watu wamezoea kukitumbukiza kwenye ndoo ili maji ya kutawadhia yapate uvuguvugu.

Kazi yangu maabarani ni kuloweka vigae na kupima kinachotoka. Juzi nikaikuta sumu ndani ya maji: kauri inayeyuka. Tukaapishwa kunyamaza. Nilimwambia mtu mmoja tu, mume wangu Hizza. Akanishika mkono, akasema, "Tulia, mke wangu. Chetu nitakifukia mbali."

Leo nimeshindwa kuvumilia, nikapanda kwa mama kumwonya. Nimemkuta uani, mikono kaizamisha kwenye ndoo inayofuka mvuke. Ndani ya maji mlikuwa na vigae viwili.

"Mama, toa mikono! Hicho cha pili umekipata wapi?"

"Si mkwe wangu kaniletea jana," akasema huku akicheka. "Nikamwuliza, baba, na nyie mtatawadhia nini? Akasema nyie mna jiko."

Nikaivuta mikono yake, nikaifuta kwa kanga yangu. Kisha nikakigeuza kile kigae cha pili kwa kijiti. Chini kina namba ya nyumba yetu.

"Sasa unalia nini?" mama akauliza. "Hizza alisema wewe ndiye uliyemtuma."